Nungunungu Aliyeulizia Mlenda

Jumapili, usiku

Kumbe ile katuni haichekeshi hata kidogo!

Ni ile ya familia ya nungunungu wanaohama nyumba. Mara ya mwisho tuliitazama na baba Neema, kabla hajalazwa, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Leo tumetoka kanisani, Neema akaiomba tena. Nimeona kelele tu, na nungunungu kuanguka. Nimeudhika, kana kwamba nimeibiwa.

Neema bado hajui Kiingereza. Marehemu ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Leo nimejaribu mimi, neno kwa neno. Babu nungunungu alipoingia mlangoni nikasema, "Habari za jioni."

Neema akanigeukia. "Mama, si huwa anasalimia 'Mbukwenyi', kama watu wa kwao baba? Halafu anauliza kama mlenda wa kulia ugali umebaki."

Nikamwambia kwamba kwenye katuni hakuna maneno hayo.

Akauliza, "Kwa hiyo baba alikuwa anatunga?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani atalia.

Akairudisha nyuma, akazima sauti. Babu nungunungu alipoingia tena, Neema akasema kwa sauti nzito kama ya baba yake, "Mbukwenyi! Mlenda umebaki?"

Nikamjibu kwamba umebaki.