Kidonge Ndani ya Uji wa Baba

Jumatatu, 26 Januari

Sijamwambia mtu yeyote. Leo asubuhi tena nimesaga kidonge cha Baba kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga kwenye uji wake wa wimbi, nikasimama mlangoni hadi akamaliza bakuli. Hajui.

Baba ana makovu kwenye ini. Ni kirusi cha homa ya ini, aina ya B, kimelila polepole kwa miaka. Daktari wa Bungoma alimwambia ameze kidonge kila siku, asiache hata akijisikia mzima. Novemba, nikiwa kwenye mtihani wa mwisho wa shule, aliacha. Senge Rose, dada yake, alimpeleka kwenye semina huko Bungoma wanakouza pakiti za unga wa seli shina. Unachanganya na maji, unakunywa, ini linaota upya. Ndivyo walivyoambiwa. Wakaambiwa pia kwamba vidonge vya hospitali vinaziua hizo seli.

Krismasi macho yake yalikuwa ya manjano. Senge akafurahi. Akasema ni sumu inatoka.

Tangu Mama afariki, jiko ni langu. Ndiyo maana ninaweza.

Naogopa kila asubuhi.

Jumatano, 28 Januari

Kidonge ni kichungu. Nimeongeza ndimu na sukari. Bado.

"Nafula, hii wimbi ni ya wapi?" Baba aliuliza. "Inauma ulimi, bana."

Nikasema ni ya Misikhu. Akacheka sana. "Watu wa Misikhu! Hao wanaweza kukuuzia hata mchanga." Yeye mwenyewe amezaliwa Misikhu. Akamaliza bakuli.

Nilimdanganya nikimtazama usoni. Mimi, ambaye hata kusalimia wageni hunishinda.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeenda Bungoma kuchukua vidonge. Faili ya Baba iko huko, alikoanza kutibiwa. Nilimwambia naenda kuulizia chuo.

Daktari ni mama mwenye sauti ya chini. Aliuliza kwa nini mgonjwa haji mwenyewe. Nikasema yuko shambani. Akauliza, "Lakini anameza?" Nikasema anameza. Ni kweli. Nilihisi kama nimesema uongo.

Alifungua picha ya ini la Baba kwenye kompyuta. Ini lenye afya ni laini, kama lile linaloning'inia buchani. La Baba lina vinundu vinundu, kama ganda la parachichi. Alisema kila kinundu ni ini likijaribu kujiponya, na kovu likilibana pande zote. Nililihurumia lile ini kama mtu.

Ilinichukua muda kuuliza habari ya seli shina. Hakunicheka. Alisema utafiti upo, tena ni wa maana. Ni seli ambazo bado hazijachagua zitakuwa nini. Kwenye maabara watu wanazifundisha ziwe seli za ini. Wanajaribu, wanashindwa, wanajaribu tena. Lakini hakuna aliyefika mahali pa kumkabidhi mgonjwa kama Baba. "Na siku ikifika, mwanangu, haitakuja kwa pakiti ya kukoroga."

Kisha akaniambia kinachotokea mtu wa aina hii akiacha vidonge. Kirusi huamka. Ini lenye makovu halina akiba, linaweza kuzimika kwa wiki chache tu. Tumbo hujaa maji. Mgonjwa husinziasinzia, husahau hata watu wake.

Nimerudi nyumbani Kitale na vidonge ndani ya soksi.

Jumapili, 15 Februari

Baba amesimama kanisani kushuhudia. Sikujua atasimama. Macho yake yamekuwa meupe sasa. Alivua miwani ili watu waone.

"Miaka hii yote nilikuwa nameza dawa ya hospitali. Nikaacha! Niangalieni!"

Makofi. Vigelegele. Senge Rose alilia hadi kilemba kikamtoka.

Nilikuwa kwenye kwaya. Mikono yangu ilipiga makofi pia.

Mama Njeri hakupiga. Ni jirani yetu, ana ugonjwa huu huu, na zamani yeye na Baba walikuwa wakienda kliniki pamoja. Alikaa tu akiyatazama macho ya Baba. Baada ya ibada nilimwona na Senge kando ya tangi la maji. Aliondoka na mfuko.

Jumanne, 17 Februari

Nilimpelekea Mama Njeri maziwa. Pakiti ziko mezani.

"Zile tembe nimetupa kwa choo," akasema. "Baba yako ametufungua macho, Nafula. Kumbe tulikuwa tunajilisha sumu!"

Nilikunywa chai yake. Nikarudi nyumbani. Sikusema kitu.

Ningesemaje? Nikimwambia, atamwambia Baba. Baba akijua, hatagusa tena chakula changu, na atakufa. Nimeligeuza kila upande. Ni Baba au ni Mama Njeri.

Najichukia.

Alhamisi, 19 Machi

Macho ya Mama Njeri ni ya manjano. Anasema mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Anayasema haya akitabasamu. "Ni sumu inatoka."

Sikula jioni.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa akipukuchua mahindi uani. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiangalia miguu yangu. Kwamba Baba hajaacha dawa. Kwamba mimi ndiye ninayemtilia kwenye uji. Kwamba zile pakiti hazijamfanyia lolote.

"Wacha mchezo," akasema.

Kisha akanitazama vizuri. "Kwa hivyo siku ile alishuhudia kazi ya nani?"

Aliendelea kupukuchua lile gunzi hata lilipokuwa tupu. Nilimwomba aende hospitali. Akakubali. Nilimwomba asimwambie Baba. Hapo akachukua hindi jingine.

Jumatano, 25 Machi

Mama Njeri amelazwa Bungoma. Alimpigia Baba simu kutoka wadini. Nilikuwa naosha vyombo. Baba alisikiliza tu, muda mrefu, kisha akatoka nje akasimama karibu na ua.

Aliporudi hakuniita kwa jina. "Wewe. Nani alikutuma?"

Jumapili, 29 Machi

Senge Rose amehamia kwetu. Sasa anapika yeye. Hata maji ya kunywa ya Baba haniruhusu kuyagusa.

"Mtoto anawekea baba yake vitu kwa chakula! Si hiyo ni uchawi?" Aliyasema haya mlangoni, kwa sauti, watu wakitoka kanisani.

Kila asubuhi naweka kidonge kwenye kisahani karibu na kiti cha Baba. Kila jioni nakikuta palepale.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Baba amelala mchana. Yeye halali mchana. Nilichungulia nione macho yake, lakini alikuwa ameyafumba. Niliomba, kisha nikakasirika katikati ya maombi.

Jumanne, 7 Aprili

Asubuhi Baba aliniambia nivae. Hakusema tunakoenda. Senge alikuwa sokoni.

Tulienda Bungoma, wadini kwa Mama Njeri. Amekonda uso, tumbo limeinua shuka. Baba alimwita mara mbili. Alifumbua macho, akamtazama kwa upole, akamwita kwa jina la marehemu mume wake. Akamuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji.

"Wamekunywa," Baba akasema.

Daktari alisema tungoje. Hakusema tungoje nini.

Nje, kwenye benchi, Baba alikaa akitazama watu wakipita. Kisha akanyoosha kiganja upande wangu bila kugeuka. Kidonge kilikuwa mfukoni mwangu, kwenye tishu. Alikimeza kwa maji ya chupa. Kilimkwama kidogo. Nilimpigapiga mgongoni kama mtoto.

"Kanisani wasijue," akasema baadaye. "Na Senge yako asijue. Jumamosi wananingoja kwa semina. Nimeshaahidi kushuhudia."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Amemeza. Nimefurahi, na naona aibu kufurahi. Jumamosi viti vitajaa watu wenye macho ya manjano, nao watamtazama yeye. Siwajui hata mmoja.

Haya nimekuandikia wewe peke yako, daftari langu. Nitunzie. Usimfungukie mtu yeyote, hata Senge akikukuta chini ya godoro. Kama itabidi yatoke, niachie mimi niyatoe.