Bima ya Watoto wa Mtumbwi

Jumamosi, 13 Februari 1999

Leo nimeshinda. Mkutano wa wazazi, shule ya msingi kando ya Bwawa la Mindu. Kampuni yetu ni changa, soko la bima limefunguliwa juzi tu, na tayari tunauza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria hapa Morogoro: bima ya watoto wanaovuka bwawa kwa mtumbwi kwenda shule. Wazo ni langu. Mzee Stephano, meneja wa tawi, alilicheka kwanza. Kisha akaona kwamba magazeti yatalipenda, akaacha kucheka.

Wazazi walikubali upesi. Ubishi ulizuka kwenye mnufaika, yaani mtu wa kulipwa mtoto akipatwa na ajali. Mkataba nimeuandika mwenyewe: mnufaika ni baba mzazi. Akasimama mama mmoja, Mwanaheri, mwenye watoto wawili, Zuhura na Twalibu. Akasema baba yao, Nasibu, alihamia Dumila zamani, anauza mitumba na ana mke mwingine huko. Aandikwe Rehani, kaka yake, mjomba wa watoto.

"Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mwanangu. Baba ni mgeni wa heshima."

"Na mwingine hata heshima hana," akadakia mtu nyuma yake.

Kicheko. Nami nikacheka, kisha nikajibu. Nilianzia sheria ya Roma, nikaja kwenye sheria ya mikataba, nikamalizia na uchumi huria, ambao hujengwa juu ya familia ya baba, mama na watoto, yenye mkuu anayejulikana. Si juu ya ukoo, kitu kisicho na anwani. Nikasema jina la baba kwenye bima litamkumbusha Nasibu wajibu wake. Rehani, mzee mfupi aliyeketi karibu na mlango, akaniuliza taratibu:

"Sasa kijana wangu, huko kwenu Upare mjomba ana kazi gani?"

"Kuleta zawadi ya harusi, mzee."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Mwanaheri akatia sahihi. Hiyo ndiyo nguvu ya hoja iliyopangwa vizuri.

Jumatatu, 15 Machi 1999

Masika yameanza. Milima imefunikwa tangu asubuhi. Kutoka dirishani kwangu hakuna Uluguru, kuna ukungu tu. Wanasema mto Ngerengere umejaa na maji ya bwawa yamekuwa mekundu. Nimesoma mpaka macho yakauma.

Jumatano, 24 Machi 1999

Mtumbwi umepinduka Mindu. Upepo, mvua, watoto wengi kuliko chombo. Wavuvi wamewaokoa wote isipokuwa mmoja.

Zuhura.

Nduguye Twalibu aling'ang'ania kafi mpaka akafikiwa. Mzee Stephano alinipa habari akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yangu, na neno la pili kutoka kinywani mwake lilikuwa "tunalipa". Nilikuwa najaribu kuukumbuka uso wa mtoto huyo. Siukumbuki. Nakumbuka hotuba yangu yote.

Alhamisi, 25 Machi 1999

Nimetoka kuzika. Nilivuka kwa mtumbwi wa mvuvi, na sikuona haya kushika kingo zote mbili.

Nasibu hakuja. Aliyepelekewa habari Dumila alirudi peke yake.

Kwa Waluguru kila ukoo una watani wake, na msiba hauendi bila wao. Nilikuwa nimelisoma hilo, sikuwahi kuliona. Jeneza lilipokuwa linatolewa, Rehani akiwa mbele, mama mmoja mtani, mnene, anaitwa Hidaya, akauziba mlango. Shingoni amefunga kipande cha khanga mfano wa tai. Kwapani ana ungo kama jalada la ofisini.

"Simameni. Mwenye mtoto yuko wapi? Baba yuko wapi?"

"Yuko Dumila, bwana bima," akaitikia mtani mwenzake. "Anapima watu suruali."

"Basi haziki mtu hapa. Mkataba unasema baba. Na huyu aliyebeba ni nani?"

"Mjomba."

"Mjomba? Mjomba kazi yake zawadi ya harusi. Haya mzee, weka chini mzigo wa watu, kalete sufuria."

Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Hata Mwanaheri, kule ndani, nilimsikia akicheka, halafu kile kicheko kikageuka kitu kingine, na wanawake wakamzunguka. Rehani hakucheka. Akatoa kile kidogo wanachopewa watani ili wafungue njia, Hidaya akapisha, jeneza likapita. Hakuna aliyenigeukia. Hawakuhitaji.

Niliporudi nilijaribu kuitetea hoja yangu, kifungu baada ya kifungu, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye midahalo ya chuo. Bado inasimama. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 31 Machi 1999

Nimemwomba Mzee Stephano fidia ilipwe kwa Rehani. Nimemweleza ukoo, mila, malezi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akautoa mkataba na kunisomea kifungu changu kwa sauti, akitulia kwenye kila mkato.

"Kiswahili safi kabisa hiki, Msomi. Nikimlipa mjomba, baba atanipeleka mahakamani na atashinda. Tunamlipa baba, Jumanne, mbele ya wapiga picha. Mwite na mama aonekane."

Nikauliza kuhusu Twalibu, aliye hai. Je, tubadilishe jina kabla ya ajali nyingine? Akafunua ukurasa wa pili. Jina halibadilishwi bila ridhaa ya mnufaika mwenyewe. Nilikiweka kifungu hicho ili ukoo usimzunguke baba. Nilijivunia sana.

Jioni nimekwenda kwa Rehani. Shikamoo yangu aliiitikia, akanipa kigoda.

"Hela yenu siitaki, kijana wangu. Ningeipokea, watu wangesema nimemuuza mtoto wa dada yangu kwa maji. Lakini nimemzika kwenye ukoo wake, nanyi mmemwandika kwingine. Sasa yuko wapi?"



Twalibu alikuwa uani, ananoa kisu cha jikoni juu ya jiwe. Nikauliza, kesho anarudi shule? Anarudi, akasema Rehani. Kwa mtumbwi? Njia ya kuzunguka bwawa inakatika masika yote. Wewe umesoma, nitajie njia nyingine.

Nimeandaa hati ya ridhaa: Nasibu anakubali mnufaika wa Twalibu awe Rehani. Fupi, haina mapambo. Nitampa Jumanne aitie sahihi kabla hajapokea kitu. Mtu aliyefiwa hatakataa.

Jumanne, 6 Aprili 1999

Ninaandika mezani pangu, ofisini, mlango ukiwa wazi. Mpiga picha ameishiwa filamu, amekimbilia dukani. Mzee Stephano yumo chumbani kwake, anafunga tai upya. Mvua.

Nasibu ameketi mbele yangu. Ameshuka basi Msamvu asubuhi, amevaa koti zuri la mitumba. Si jitu. Nilitamani awe jitu. Ni mtu mwembamba, mwenye kikohozi, na alipoingia alimsalimia Mwanaheri kwa sauti ya chini, "Pole, mama Zuhura." Mwanaheri ameketi kwenye benchi la wateja, amejifunika khanga hadi kidevuni. Aliitikia bila kumtazama.

Nilianza vizuri. Nikampa pole, nikaisogeza hati, nikamweleza kwamba hii inamhusu Twalibu, si Zuhura, na kwamba haimpunguzii chochote leo. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Kwa hiyo Twalibu naye mmemwandika kwangu?"

"Ndiyo. Kwa sasa."

"Na bado anavuka?"

"Bado anavuka."

Ameitazama kalamu niliyomwekea, akaitazama mvua. Kisha ameikunja hati mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anayekunja shati la kuuza, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Hii nitaifikiria kwanza," amesema. "Si umesema hainipunguzii kitu?"

Mwanaheri amenyanyua uso. Hamtazami yeye. Ananitazama mimi, kama alivyonitazama Februari nilipokuwa nazungumza juu ya Roma, akisubiri nimalize. Mpiga picha amerudi, anapanga viti. Mzee Stephano ananiita nije nisimame katikati yao, na saa hizi shule ya Mindu inawaachia watoto, mtumbwi unawasubiri