Dole Gumba la Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa kaka,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Mgongo wako umepata nafuu? Wifi hajambo? Watoto bado wanamkumbuka shangazi yao, au nimeshageuka hadithi? Huku hatujambo, isipokuwa kifua cha Baba. Nakujua unavyoruka mistari. Hii isome yote.

Kikohozi kile alichosingizia vumbi la barabara kilimshinda. Siku aliposhindwa kupanda ngazi tatu za mlangoni, nilimpeleka hospitali akinung'unika njia nzima. Daktari alipotazama picha ya mapafu aliuliza kama aliwahi kushika asbesto. Baba akacheka mpaka akapaliwa. Miaka ishirini na sita aliikanda kwa maji kama unga, akaipaka kwenye mabomba ya mvuke ili yasipoteze joto. Anasema walikuwa wakirushiana mabonge kwa mzaha.

Daktari alitueleza kwamba enzi hizo iliwekwa kila mahali, kwenye mapaa, kwenye breki, hata kuta za shule, kwa kuwa haiungui na bei yake ni nafuu. Kumbe ina nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta zinakaa mapafuni, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka thelathini au arobaini. Kuna madaktari walioonya kabla Baba hajaajiriwa. Hilo limenichoma, kaka, maana yeye na wenzake hakuna aliyewaambia neno.

Baba akaenda kiwandani alikokuwa akifanya kazi, kuomba wenzake saba waliobaki hai wapimwe. Nilimsindikiza. Meneja mpya, mpole kama maji ya mtungini, akasema mabomba yaliletwa yakiwa yameshavikwa, hakuna mfanyakazi wao aliyeigusa asbesto. Mimi nilishasimama, maneno yamenijaa kinywani. Baba hata sauti hakupandisha. Aliomba twende nyuma ya tangi kubwa, akaagiza maji, akatusogeza mbali, akafunga pua na mdomo, akalowesha bomba vizuri kabla ya kuinua ncha ya kitambaa kilichozungushiwa juu ya asbesto. Chini yake, kwenye asbesto iliyokauka, palikuwa na alama ya dole gumba, lile lake lililopasuliwa na msumeno, na kovu lake wazi kabisa. Kila fundi alikuwa akibonyeza dole mwisho wa kazi, msimamizi ajue ni ya nani. Meneja alitazama bomba, akatazama mkono wa Baba, akaomba orodha ya wale saba.

Nimeishi na mzee huyu maisha yangu yote nikidhani namjua. Kumbe sikumjua hata nusu.

Wote saba wamepimwa. Kisha daktari akasema na familia zipimwe, kwa sababu vumbi lilikuwa likirudi nyumbani na nguo za kazi. Tulipofika mlangoni kwetu, Baba akasimama. "Kumbe nilikuwa nawaletea nyumbani," akasema, basi. Kesho yake alianza kuzungukia nyumba za wenzake, kwa miguu, akipumzika kila kona, kuwaambia wake na watoto kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia simu zipo. Akasema habari kama hii haitumwi.

Mimi na Mama tumepimwa, tuko salama. Umebaki wewe, na wewe ndiye uliyekuwa ukikung'uta ovaroli zake uani kila Jumamosi kabla Mama hajazifua. Tafadhali nenda kapimwe wiki hii. Usiniletee habari za kazi nyingi.

Mama anakusalimu, na mjomba fundi cherehani anauliza kama suruali aliyokushonea bado inakutosha. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu.

Jambo moja la mwisho. Nyumba zote saba Baba alizifikia mwenyewe. Barua hii aliianza mara tatu, akaniachia kalamu. Majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, usinipigie mimi. Mpigie yeye.

Dada yako akupendaye bila kupumzika,
Kitindamimba