Mkwe Anagoma Mteremkoni

Kwako kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe, wifi na watoto, na kwanza kabisa nauliza kuhusu kile kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho. Kimekuachia? Usikidharau, maana wewe ukiumwa unajifanya jiwe mpaka wifi akubebe. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, na mimi mikono yangu inanuka dizeli hata niisugue kwa majivu, lakini ni mizima yote miwili. Yaliyo moyoni nitayafikia. Usiruke mistari kuyawahi, nakujua.

Sijasahau tulivyoagana baada ya mazishi ya baba. Ulisema shamba likilimwa lote kabla ya mvua, mteremko ukiwemo, mimi na mama tutabaki. Likishindikana, tutauza na mama atahamia kwako. Nilikubali mbele ya mjomba. Ulisema kwa haki, kaka, ila nilikasirika kwa namna ulivyoitazama miguu yangu, kana kwamba buti za baba nimezivaa kwa mchezo. Basi nilijiapiza kwamba nitalima hata kwa kijiko.

Tambarare yote niliimaliza bila tabu. Mkwe alivuta plau kama zamani, na hata mjomba, ambaye hajawahi kumsifu mtu asiyemdai, alisema nalima mistari iliyonyooka. Wewe ulikuwa mbali wakati baba analipatia trekta jina hilo, labda hukuwahi kuambiwa sababu. Alisema mkwe ni mtu usiyemfokea wala kumharakisha, ukimheshimu atakutunza. Mimi nalisalimia kila asubuhi kabla ya kuliwasha. Cheka tu.

Tabu ilianza nilipofika mteremkoni. Unaijua sehemu yenyewe. Sijawahi kukusimulia vizuri yaliyotokea pale, na leo nitasema kwa ufupi tu: baba alikuwa anageuza kule juu, gurudumu likapanda kichuguu, trekta likamlalia. Mama alikuwa nyuma ya jiko anaanika nguo. Hakuona kitu. Alichosikia ni injini ikinguruma kwa shida, ikapanda sauti, ikapanda tena, halafu kimya. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na yeye ndiye aliyemfunika kwa shuka aliyoitoa kwenye kamba, ile ya maua ya samawati, ingali mbichi.

Basi siku ya kwanza mteremkoni nilishusha plau, Mkwe akavuta hatua chache, akaanza kufifia. Hakutoa moshi, hakupiga kelele, alififia tu kama mtu anayesinzia katikati ya mazungumzo, akazimika. Baada ya muda nikajaribu kuwasha, akawaka mara moja kama hajafanya kosa. Nikashusha plau tena, akafa tena. Nikainua plau nikarudi nyumbani, na njia nzima aliimba vizuri. Mama alinipokea na chai, akaniambia nipumzike, kazi haina mbio. Nilishukuru sana kwa upole wake.

Nilimwita fundi, yule tunayemwita Subiri kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Alikuja, akasafisha chujio la hewa, akabadilisha chujio la dizeli, akatoa hewa kwenye mabomba, akafungua nozeli akazitazama kama mtu anayekagua meno. Kisha akalipeleka trekta barabarani, likaenda na kurudi bila kukohoa. Akasema limepona. Mimi nikalipandisha mteremkoni, likafa pale pale. Subiri alikuna kichwa akasema huenda ni pampu, na pampu lazima aichukue mjini, nami nisubiri. Niliangalia mawingu nikajua nikisubiri pampu nimeuza shamba.

Mjomba alikuwa na jibu lake. Mwanzoni alitania kwamba trekta limerithi tabia zake mwenyewe, kula halikatai, ila likionyeshwa kazi linaumwa. Siku ya pili hakutania. Aliniita pembeni ya banda, akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna ubovu pale, ni baba yenu hataki, na marehemu akisema hapana, mtu mwenye akili hasukumi. Nilimjibu kwa adabu, lakini maneno yale yaliniingia. Kaka, niliogopa. Nilikuwa nikifika chini ya mteremko natokwa jasho la baridi mchana kweupe. Mara mbili niligeuka nyuma kutazama nani amekaa kwenye bawa la gurudumu, pale baba alipokuwa akiniweka nikiwa mdogo. Hapakuwa na mtu, ila nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimeegemewa bega.

Hofu ndiyo iliyonichelewesha, maana ilinizuia kuuliza swali jepesi. Sote tulikuwa tunalipima trekta uani na barabarani, likiwa tupu, na kulitia kazini mteremkoni tu. Hakuna aliyelijaribu na mzigo mahali pengine. Asubuhi moja nilirudi tambarare, kwenye kipande nilichokwisha lima, nikazamisha plau mpaka mwisho. Mkwe akafifia, akafa. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Marehemu hakuwa na ugomvi wowote na tambarare. Huu ulikuwa ugonjwa wa chuma, na ugonjwa wa chuma una dawa.

Hapo akili ikanirudia. Nilikumbuka baba akinifundisha kwamba injini ikitoa moshi mweusi inanyimwa hewa, lakini ikififia kimya inanyimwa chakula. Nikauchomoa mpira wa dizeli pale unapotokea kwenye tangi, nikakinga ndoo. Dizeli ilimwagika kwa nguvu, kisha ikapungua, ikawa uzi, ikawa matone. Nikaziba kwa kidole, nikangoja, nikaachia, ikamwagika tena kwa nguvu. Ikiwa haina mzigo, injini inakunywa kidogo, kwa hiyo haikudhurika. Ikipewa mzigo inavuta kwa pupa, na kitu fulani mle ndani kilikuwa kinavutwa mpaka kinaziba tundu. Ikizimika, kinaachia. Nilikunja waya nikatengeneza ndoana, nikaiingiza kwenye mdomo wa tangi, nikapapasa.

Nilivua kitambaa, kaka. Kimelowa, kimekuwa cheusi upande mmoja, lakini upande wa pili maua yalionekana. Maua ya samawati.

Nilikaa chini kwenye tope la mafuta. Nasema ukweli, kwa muda ule niliamini yote aliyosema mjomba na zaidi. Shuka ile tulimzika nayo baba, ndivyo nilivyojua mimi. Nilikitazama kile kipande na mwili wangu ukawa si wangu, nikasikia sauti yangu ikimwomba baba msamaha, sijui kwa kosa gani. Sikuweza kusimama mpaka mama alipokuja na chai.

Alikiona mkononi mwangu. Hakushtuka. Aliweka kikombe juu ya gurudumu, akakaa chini pamoja nami kwenye tope lile lile na gauni lake safi, akasema ni yeye. Alisema kabla ya kumzika alichana pindo la shuka akalificha chini ya mto wake. Na siku niliyomaliza tambarare, nilipokuwa naoga, alikata kipande akakisokomeza kwenye tangi, kwa sababu alijua kesho yake napanda mteremko. Nilimuuliza kwa hasira kama alijua kwamba nikishindwa tunauza. Alijibu kwamba alijua vizuri sana. Alisema hapendi kuondoka hapa, kila kitu chake kiko hapa, lakini ni afadhali auze shamba kuliko anizike mimi pembeni ya baba yangu. Na alipochagua kitambaa, alichagua kile kwa kusudi. Alimwambia baba: wewe ulishindwa kujizuia, basi mzuie huyu.

Tulilia, kaka. Nilimfokea na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Kisha nikamweleza kwamba kile kichuguu nilikwisha kukisawazisha kwa jembe, na kwamba nitageuzia chini, si juu. Akasema kinachomuua si mteremko, ni kuisikia injini na kutojua ni nani aliye juu yake. Basi tukapatana. Nikifika mwisho wa kila mstari nitapunguza moto wa injini, yeye ataita kutoka nyuma ya jiko, nami nitaitika. Akiniita na kunisikia, ataendelea na kazi zake.

Hivyo ndivyo nilivyolima mteremko. Mkwe alivuta bila kusita. Kila mwisho wa mstari mama aliita mwanangu, nikaitika abee, na ilikuwa karibu kama mchezo. Nilipofika mistari ya juu, karibu na pale, nilipunguza moto nikangoja. Mama aliita. Lakini hakuniita mimi. Aliita baba watoto, kwa sauti ile ya zamani ya kumwambia chakula tayari.

Ningefanya nini? Ningenyamaza, angesikia kimya kile kile. Nikaitika. Nikaitika kwa sauti nzito, kama yake, Mungu anisamehe. Akaniambia nisichelewe, nikajibu nakuja. Siku ile mama aliimba jikoni, mara ya kwanza tangu msiba.

Shamba limelimwa lote, na mvua imeanza. Kwa neno lako, tunabaki. Ningependa barua iishie hapa ili nikuringie kidogo. Lakini mama bado anaita. Mkwe yuko bandani, plau nimeipaka grisi, na kila jioni mama anasimama nyuma ya jiko anamwita baba, na mimi naitika kutoka nilipo. Niliona ni huruma. Niliona ni kitu kidogo cha kumpa.

Jana tulikuwa tumekaa barazani tunachambua maharage. Nikasikia mtu anaita, nikaitika kwa ile sauti nzito, na nimekwisha nyanyuka ndipo nikatambua kwamba mama alikuwa kando yangu, mdomo umefumba. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha, akanishika mkono, akaniuliza kama sasa na mimi nimeanza kumsikia.

Nilisema ndiyo, kaka. Na sikudanganya.

Nakuomba uje. Usije kwa ajili ya kuuza wala kutouza, hayo tutayasema ukiwa umekaa. Njoo kabla ya palizi, wewe ambaye hujazoea nyumba hii ilivyo sasa, utuambie mnayoyasikia ninyi watu wengine jioni. Mimi siwezi tena kutofautisha.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, na watoto waambie shangazi yao anawawekea mahindi ya kwanza. Mjomba anakusalimu, na Subiri anasema usimwambie mtu habari za pampu. Mama anasema unywe maji ya moto kwa hicho kikohozi. Anasema pia kwamba baba anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitindamimba