Malaga, Bila Harusi Wala Msiba

Whitehall, Columbus
6 Aprili 2025

Dada Generoza,

Shikamoo dada. Huku sisi wazima: mimi, mke wangu Delfina, na gari langu, ambalo leo nalo limeamka vizuri. Buffalo theluji imekwisha au bado mnaishi ndani ya friji? Mgongo wako je? Nijibu kwa ujumbe wa simu kama kawaida yako, maana nikikupigia hupokei tangu mwaka ule.

Sasa kaa chini. Umekaa? Tunakwenda Malaga.

Usiulize ni mtaa gani wa Kigoma. Ni mji wa Hispania, kando ya bahari, jua kali mpaka wenyeji wenyewe mchana wanalikimbia wanakwenda kulala. Mtumbwi wanaujaza mchanga, wanawasha moto juu yake, halafu wanachoma dagaa wakubwa kwenye vijiti kama mishikaki. Nimefanya utafiti! Shule niliishia darasa la sita pale kambini Nyarugusu, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Kihispania nacho hakinisumbui. Ghalani naendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, pamoja na vijana wa Honduras, kwa hiyo naweza kusalimia, kuagiza chakula, na kutukana kidogo kwa adabu.

Tunaondoka tarehe 11 Juni, siku kumi. Mimi, Delfina na wewe. Mama atabaki Louisville kwa kaka Athanasi, miguu yake haitaki ndege. Wewe miaka tisa unafungasha kuku kiwandani, hujapumzika hata wiki moja. Wenzetu wana kitu kinaitwa vekesheni. Unasafiri, hakuna harusi, hakuna msiba, unarudi. Tiketi niachie mimi. Nitumie tu picha ya paspoti. Kambini walituandika wote kuwa tumezaliwa tarehe moja Januari, basi wa uwanja wa ndege watadhani wamepata kabila linalozaa kwa kalenda.

Mdogo wako akupendaye,
Medard


Buffalo
10 Aprili 2025

Mdogo wangu Medard,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unauma kidogo tu. Theluji imeanguka tena jana. Msalimie Delfina.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nani amekufa?

Usicheke. Katika ukoo wetu nani aliwahi kupanda ndege kwenda kuota jua? Sisi tunasafiri kukimbia vita, kuozesha, na kuzika. Na wewe unaniita kwa furaha, na hiyo furaha yako mimi naijua. Mwaka 2022 ulinipigia simu ukicheka, ukasema dada njoo Louisville, binti wa Athanasi anaposwa. Nikashonesha kitenge. Nikaingia mlangoni na vigelegele, Medard. Watu wamekaa chini kwenye mikeka, wananitazama. Baba alikuwa ameshafariki. Siku tisa alilazwa hospitali akiniulizia, hakuna aliyeniambia, eti habari mbaya haipelekwi kwa mtu aliye mbali, ataanguka njiani.

Sikuanguka. Lakini sikumkuta.

Basi jana nimempigia Mama. Akapokea Athanasi, akasema amelala. Saa tano asubuhi? Mama huyu huyu anayeamka giza likiwa bado nje? Nikasema basi nipe niangalie uso wake tu, akasema kamera imeharibika. Kamera imeharibika lini? Jumapili alinionyesha mpaka sufuria za jikoni.

Niandikie ukweli. Hiyo Malaga naona ni jina jingine la ile posa.

Dada yako,
Generoza


Whitehall, Columbus
13 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo mbili, moja yangu na moja ya Mama, ingawa yeye hapaswi kukuamkia. Nimetoka Louisville kumwangalia Mama kwa macho yangu. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na foklifti kesho inaningoja. Mama alikuwa amelala kwa sababu alikesha kanisani akiimba na kina mama wenzake. Kamera ni kweli imeharibika, ameiangusha simu kwenye maharage. Nimeipekua mwenyewe, ukoko upo.

Picha yake nimekutumia. Unaona kidole kile? Hicho unaelekezewa wewe. Amesema, "Mwambieni Generoza nikifa nitamjulisha mwenyewe, aache kunizika kila wiki." Mimi nimecheka, kaka amenuna. Kawaida.

Sasa yale ya Baba. Kaka na wazee wa kanisa waliketi wakaulizana, nani anaweza kumleta Generoza bila yeye kushtuka? Wote wakanigeukia. Dada, nilijiona mtu mkubwa. Kwenye simu nikacheka vizuri kuliko siku zote. Halafu ukaingia na vigelegele vyako, na mimi nimesimama pale nyuma ya mlango.

Tangu siku ile nikianza kucheka wakati mwingine nakatisha. Delfina ameona. Ndiyo sababu ya Malaga. Nilitaka nikuite siku moja kwa furaha, uje, uikute furaha kweli. Sikutaka kuiandika hii, umenilazimisha.

Mdogo wako,
Medard


Buffalo
21 Aprili 2025

Medard mdogo wangu,

Sijambo, na ninyi natumaini hamjambo. Picha ya Mama nimeikuza mpaka nikaona saa ya ukutani nyuma yake na kalenda ya kanisa. Mwezi ni Aprili. Usikasirike, ilikuwa lazima niangalie.

Paspoti nakutumia. Likizo nimeomba, supavaiza akauliza unakwenda kumzika nani, nikamwambia hata mimi nashangaa. Kazini kuna mama mmoja anaitwa Nyirangabo, ameshauri ninunue kofia kubwa na viatu vya wazi. Nimenunua kofia. Viatu bado, nasubiri nione.

Kuogelea sitaogelea. Nitakaa mchangani nile hao samaki wako wa vijiti.

Lakini kabla sijaanza kufurahi nataka ahadi moja, na uiandike. Siku litakapotokea jambo, uniambie kama lilivyo, siku hiyo hiyo. Usinipambie. Usiniletee posa. Mimi si yai.

Dada yako,
Generoza


Whitehall, Columbus
22 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Naiandika hapa: nitakuambia kama lilivyo, siku hiyo hiyo. Mimi Medard, mwendesha foklifti namba moja Ohio nzima, na Kentucky wakitaka nitawasaidia.

Viatu nunua! Mchanga wa kule unaunguza.

Mdogo wako,
Medard


Columbus
27 Mei 2025

Dada Generoza,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi hatujambo.

Safari ipo kama tulivyopanga, ila kuna badiliko dogo. Badala ya kukutana New York, tutaanzia Louisville. Uje tarehe 9 Juni na mzigo wako wa safari, Mama anataka kutuaga. Kaka atakupokea. Usiwe na wasiwasi wowote.

Salamu kutoka kwa Delfina.

Mdogo wako,
Medard


Buffalo
27 Mei 2025

Medard,

Sikuulizi hali.

Barua yako ni safi mno. Hakuna gari lililoamka vizuri, hakuna Honduras, hujajisifu hata mahali pamoja. Umeandika kama mtu aliyesimamiwa. Na nani alikuambia nina wasiwasi?

Nimempigia Mama mara nne. Simu haiiti. Nimempigia Athanasi, ameniita "dada yangu mpendwa". Tangu tuzaliwe kwa tumbo moja hajawahi kuniita mpendwa.

Tarehe 9 ni karibu wiki mbili. Kama kuna kitu, wiki mbili ni nyingi. Niambie.

Generoza


Louisville, hospitali
28 Mei 2025, saa tatu asubuhi

Dada,

Mama amepatwa na kiharusi. Ilikuwa Ijumaa tarehe 23, jikoni. Upande wa kushoto hausogei. Kusema hawezi. Mkono wa kulia unashika, na akikutazama unajua anakuona. Daktari amesema siku hizi chache ndizo za kuangalia, na hakuahidi kitu. Hiyo ndiyo hali yote, sijapunguza, sijaongeza.

Nilijua tangu Ijumaa. Kaka alinipigia akaniambia, "Generoza asijue, yuko peke yake huko, ataanguka njiani. Mwache aje tarehe 9 na Malaga yake, tutamweleza akiwa katikati ya watu." Nikabishana naye siku tatu. Akanikumbusha yeye ndiye mkubwa, na kwamba hivyo ndivyo kwetu tunavyofanya. Ile barua ya jana niliiandika hapa Louisville mbele yake, Columbus niliiweka juu ili usishtuke. Ahadi niliivunja siku tano nzima, na safari niliyokuandalia kwa moyo wangu nimeigeuza kuwa ile ile posa. Hilo litakaa na mimi.

Jana jioni jibu lako lilipofika nilikuwa nimeshika mkono wa Mama. Nikajiuliza, huyu akiondoka tarehe 8, dada ataingia mlangoni anasema nini?

Njoo leo. Usisubiri tarehe yoyote. Sasa hivi kaka amekaa kiti cha pili, anadhani nasoma habari za mpira.

Medard


Buffalo, kituo cha basi
28 Mei 2025, saa sita mchana

Mdogo wangu Medard,

Nimesoma barua yako kwenye mstari wa kuku. Nikavua glavu, nikaketi kwenye kreti tupu, nikalia, hakuna mtu aliyenishika mabega kunifundisha namna ya kulia. Nyirangabo aliniletea maji tu akasimama. Halafu nikaamka. Unaona? Sijaanguka.

Supavaiza sikumwomba, nilimwambia.

Ndege ya leo imejaa. Basi linapita Cleveland, linapita hapo kwenu Columbus, Louisville nafika kesho asubuhi saa nne. Usije kunipokea, baki na Mama. Mwambie Athanasi ninajua, na umwambie ni wewe uliyeniambia. Akikugombeza, vumilia, mimi nitamalizana naye.

Kwa zile siku tano ulizonificha nimekukasirikia. Siku ya sita umeniandikia. Nimezihesabu zote.

Sasa sikiliza. Niko njiani, simu nimeishika mkononi. Ikitokea amekwenda kabla sijafika, usiningoje mlangoni na uso huo. Niandikie: amekwenda, saa fulani. Nitaisoma nikiwa kwenye kiti changu, na nitafika nikijua. Kama yuko, andika yuko.

Dada yako,
Generoza


Louisville
29 Mei 2025, saa mbili asubuhi

Dada,

Yuko.

Nimemwambia sikioni kwamba umeshajua, na kwamba uko kwenye basi. Akanibana kidole, nusura anivunje. Kaka amenifokea koridoni mpaka nesi akatutoa. Halafu kaka akauliza basi linaingia kituo gani, akachukua funguo za gari. Nimemwambia ulivyosema, kwamba hutaki kupokelewa. Akasema, "Siendi kumpokea. Nakwenda kumwomba radhi."

Kwa hiyo ukimwona amesimama pale, uso wake ni wa hilo tu. Mama yuko.

Medard