Siku ya Kuzaliwa ya Mama Mong'ina

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mchapishaji anataka kitabu Jumatatu ijayo. Toleo la pili la mwongozo wa Mwalimu Machogu — ule ule ulionifundisha hifadhidata nikiwa kidato cha tatu. Kazi yangu ni kusahihisha aina za data. Nilidhani ni ya siku moja. Kumbe! Namba ya simu ameiweka kama namba kamili, kwa hivyo sifuri ya mbele inamezwa na simu haiendi popote. Kilo za majani chai nazo namba kamili. Nusu kilo imekwenda wapi, Mwalimu? Nilicheka peke yangu ofisini hadi mwenzangu Ronny akauliza kama nimepata mchumba.

Jumanne, 4 Novemba
Mama Drusilla, mke wa Mwalimu, amepiga simu. Tangu kiharusi kimpate Mwalimu mwezi Machi, mkono wa kulia haufanyi kazi, na kitabu ndicho furaha iliyobaki. Kila asubuhi anauliza kimefika wapi. Akaniomba: sahihisha, lakini usimwambie. Nikasema sawa. Haraka haraka tu, kama mjinga.

Alhamisi, 6 Novemba
Ukurasa wa 47. Nimekwama.
Jedwali la mfano ni la familia yake. Safu ya kuzaliwa ni ya aina ya tarehe, lazima ijazwe. Chini ameandika: asiyejua siku yake, weka tarehe 1 Januari. Zahanati moja ya mlimani ilifuata ushauri huo. Kila Mwaka Mpya kompyuta yao inawatakia heri ya kuzaliwa wazee mia mbili na kumi na wanne!
Mstari wa kwanza: Mong'ina, 1 Januari 1931. Mama yake mzazi. Yuko hai, anaishi naye kule Gesima. Tangu kitabu kitoke, kila 1 Januari wanamchinjia kuku. Mimi mwenyewe nimekula mapaja ya sherehe hiyo mara mbili.
Hili siwezi kulifuta kimyakimya. Nikifuta, nimemnyang'anya mtu siku ya mama yake bila kumuuliza. Nikimwambia, labda namvunja. Nampenda mzee huyu. Ndiye aliyenilipia mtihani baba alipofariki, na hajawahi kunikumbusha.

Jumamosi, 8 Novemba
Sabato. Kanisani Kiogoro sikusikia mahubiri. Nimeamua. Kesho naenda Gesima, Mama Drusilla anisamehe.

Jumapili, 9 Novemba, saa tano asubuhi
Naandika hapa hapa, kwenye meza yao.
Mwalimu alikuwa ameketi uani, blanketi magotini. Akaniambia nisome nilichosahihisha. Mama Drusilla akanikazia macho. Nikasoma simu, nikasoma kilo. Akatikisa kichwa: "Makosa ya mtoto, Emily. Na nilikuwa nawachapa kwa hayo hayo!" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha ukurasa wa 47. Nikausoma hadi mwisho.
Mwalimu akamgeukia mama yake, aliyekuwa akipepeta maharagwe, akamuuliza kwa Ekegusii alizaliwa lini hasa.
Mama Mong'ina hata hakuinua kichwa. Akajibu kuwa alizaliwa wakati wa kuvuna wimbi, ile nafaka ya uji, mwaka wa nzige. Mama yake alimzaa shambani, akamfunga mgongoni, akaendelea kuvuna. Januari? Januari hakuna wimbi wa kuvuna!
"Mbona hukuniambia miaka yote hii?" Mwalimu akauliza.
Mama Mong'ina akasema mwanawe alifurahi sana siku ile ya kwanza, na kuku alikuwa mtamu.
Mwalimu alilia. Mama Drusilla akainuka kunifukuza, nadhani, lakini Mwalimu akamzuia. Akasema safu iwe ya maandishi, na akaomba kalamu. Nikamwambia nitaandika mimi. Akakataa.
Ameishika kwa mkono wa kushoto. Amekata 1 Januari kwa mstari uliopinda. Sasa anaandika juu yake, herufi moja baada ya nyingine, nami nimeshikilia karatasi isiteleze. Naandika huku kwa mkono mmoja. Amefika kwenye "wakati wa kuvuna w" —
Amesimama kupumzika. Mama Mong'ina ameacha maharagwe, amekuja kutazama. Hajui kusoma. Anamuuliza mwanawe hapo pameandikwa nini.