Taisto Alipotoka Barazani

Binamu yangu Helmi,

Ziwa limeanza kushika barafu. Vitunda vyekundu vya msituni nimeshavipika, na kopo lako nimeliweka kando.

Juzi baraza la manispaa lilijadili ombi la mwanao Oskari la kununua kiwanja cha ufukweni. Nilikaa na jirani yangu Vieno kwenye viti vya wasikilizaji, nikijua mume wangu Taisto atampigia kura. Badala yake Taisto akasimama, akasema, "Jäävi," akatoka nje.

Neno hilo unalijua, baba yako alikuwa diwani. Diwani hulisema jambo likimhusu yeye mwenyewe au mtu wake wa karibu kabisa, akangoja nje wenzake waamue. Mtoto wa binamu wa mke hahesabiwi, wala binamu mwenyewe. Kiwanja cha kaka yako Eino kilipojadiliwa mwezi wa tano, Taisto hakuinuka kitini.

Vieno akaninong'oneza, "Shoga, mumeo kabanwa na mkojo?" Kisha akayatazama masikio ya Oskari, aliyekaa mbele yetu, akautazama mlango aliotokea Taisto, akanyamaza. Hebu fikiria, Helmi: Vieno kunyamaza.

Nyumbani nikamuuliza.

"Sheria ni sheria, Sylvi," akasema, huku akimimina kahawa nje ya kikombe.

"Sheria gani hiyo isiyomjua Eino?"

Akachukua blanketi, akaenda kulala kwenye kibanda cha sauna uani.

Oskari amepata kiwanja, mpe hongera. Kura zilipokwisha, karani alitoka kumwita Taisto arudi ndani. Mimi bado sijamwita. Nangoja unijibu wewe kwanza.

Binamu yako,
Sylvi